Mpini wa Kisu cha Zamani: Unalegea, Umepasuka, au Unaliwa?

Kisu cha zamani kikiletwa kwenye kibanda changu hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwenye nacho hunionyesha makali kwanza. "Fundi, ona kilivyo butu." Makali hayanisumbui. Chuma kilichofuliwa kwa nyundo kinaweza kukaa darini miaka arobaini, na kikipata jiwe zuri na mkono wenye subira kinarudi kukata. Mimi naangalia mpini. Mpini ndio unaokufa, na katika visu ninavyopokea, mipini mingi haikuuawa na uzee. Iliuawa na mtu aliyeipenda, aliyeanza kuitibu kabla hajajua imetengenezwa kwa kitu gani na imeshikizwa vipi.

Ndiyo maana sina dawa moja ya mpini mbovu. Mafuta yanayoufaa mninga hayaingii kwenye mpingo. Joto ambalo mti utalivumilia, pembe itajikunja nalo. Basi twende kwa dalili, lakini tuanze na utambuzi.

Umeshika nini?

Funga makali kwa kipande cha boksi na mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha kaa karibu na dirisha. Lenzi ya fundi saa inatosha. Kama huna, kamera ya simu ukiivuta karibu itakuonyesha mengi.

Mti utaujua kwa nyuzi zake na vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano. Mipini ya zamani inayonifikia kutoka pande hizi za Nyanda za Juu Kusini mingi ni mninga, mpingo na mpera, na kwa visu vya Mbozi wakati mwingine ni mti wa mbuni uliong'olewa shambani baada ya kuzeeka. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Wapo wanaopaka mti mwepesi rangi ya viatu na kuuita mpingo. Sugua mahali padogo kwa pamba yenye spiriti: mpingo wa kweli unaweza kuachia rangi kidogo, lakini chini yake ni mweusi vilevile. Ukiona doa jeupe, umedanganywa.

Pembe ya ng'ombe ina mistari inayokwenda sambamba, na ukingo wake ukimulikwa kwa tochi mara nyingi hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Mfupa una vitone na vistari vya kahawia, ambavyo ni njia za mishipa ya damu ya mnyama alipokuwa hai. Wako wanaochoma mpini kwa sindano ya moto ili wanuse kama ni pembe au plastiki. Tafadhali usifanye hivyo. Utauachia tundu la kudumu, na baadhi ya mipini ya kale iliyotoka Ulaya ni ya seluloidi, plastiki ya kale inayoshika moto haraka mno.

Ukikuta mpini mweupe usio na vitone, na kwenye kitako chake kuna mistari inayopishana kama wavu, weka zana chini. Hiyo ni dalili ya pembe ya ndovu, nayo kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ni nyara, na kukaa na nyara bila hati halali ni kosa. Meno ya ngiri na pembe za tandala nazo ni sehemu za wanyamapori. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukaulize kabla ya kukitengeneza, kukiuza au kukisafirisha kisu hicho. Mimi visu vya namna hiyo sivigusi, hata mwenyewe akinisihi vipi.

Kisha tazama mpini ulivyoshikizwa. Visu vya kale kabisa vya huku vilitoka mikononi mwa watu waliojua chuma tangu kwenye udongo wake. Wafipa walikiyeyusha kwenye malungu, tanuri ndefu za udongo zinazovuta hewa zenyewe, na Wakinga walifua majembe ambayo Wanyakyusa wa bondeni waliyategemea. Kisu cha namna hiyo kina mkia, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, mwembamba uliochongoka, ambao fundi aliupasha moto ukawa mwekundu, akauzamisha ndani ya mti wa kipande kimoja. Hakuna ribiti wala msumari. Vya baadaye, vilivyofuliwa kutoka springi za magari, mara nyingi vina mkia bapa uliobanwa kwa vipande viwili vya mti na misumari iliyokatwa na kupondwa kuwa ribiti. Namna hizi mbili zinaugua tofauti, na dawa zake hazibadilishani.

Mpini unacheza

Hili ndilo lalamiko la watu saba katika kumi. Shika kisu kwa bapa lililofungwa, sogeza mpini karibu na sikio, gonga kitako chake kwa kijiti. Mpini mzima hutoa sauti kavu, moja. Uliolegea hukoroma. Sasa uinamishe juu ya karatasi nyeupe, ugonge tena, utazame kinachodondoka. Karatasi hiyo itakuambia zaidi ya maneno ya mwenye kisu.

Kisipodondoka kitu, na mwenyewe akakuambia kwamba kisu hulegea kiangazi na kukaza masika, mti umesinyaa tu. Mti hauachi kupumua hata ukikatwa miaka mia. Hewa ikiwa na unyevu huvimba, hewa ikikauka husinyaa, na hufanya hivyo kwa upana wake, karibu hauongezeki kwa urefu. Kisu kilichokaa Kyela kando ya Ziwa Nyasa, kwenye joto na unyevu, kikihamia Makambako kwenye upepo mkavu, kitalegea ndani ya miezi michache bila kosa la mtu. Mninga hutikisika kidogo sana, na ndiyo sababu maseremala wanaupenda. Mkaratusi hutikisika vibaya.

Hapa naomba unisikilize, kwa kuwa ndipo visu vingi vinapopotea. Dawa ya nyumbani ni kukitumbukiza kisu kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kama tufanyavyo kwa jembe. Asubuhi kimekaza, furaha tele. Lakini fikiria kilichotokea ndani. Mti umevimba, na mdomoni mwake kuna noleo, ile pete ya chuma au shaba, ambayo haipanuki. Nyuzi za mti zimekosa pa kwenda, zimejiponda zenyewe kwa zenyewe. Zikikauka hazirudi kwenye unene wa jana, zinasinyaa chini ya hapo. Wiki mbili baadaye mpini unacheza kuliko mwanzo, mtu analoweka tena, na maji nayo yamefika kwenye mkia wa chuma na kuanza kutu. Jembe linavumilia kwa sababu mpini wake ni wa kubadilishwa kila misimu kadhaa. Kisu cha babu yako hakina mpini wa akiba. Kama kimelegea kidogo kwa ajili ya kiangazi, kiache. Kiweke mbali na jiko na dirisha la jua, kitakaza chenyewe mvua za Novemba zikianza.

Karatasi ikionyesha unga mweusi, huo ni mkaa. Ni ukuta wa tundu lililochomwa na mkia wa moto siku kisu kilipozaliwa. Umemeng'enyuka baada ya miaka ya kutumika. Vuta bapa taratibu bila kulizungusha, kwangua mkaa uliolegea kwa kijiti cha mwanzi, usichimbe mpaka kwenye mti mzima, halafu jaza kwa dawa nitakayoieleza.

Ukidondoka unga wa kahawia, ni kutu, na hilo lina sehemu yake hapo chini. Vikidondoka vipande vinavyong'aa kama sukari guru iliyovunjika, ni utomvu wa zamani uliokauka. Hivi navikuta kwenye visu vya mezani vya Sheffield, Uingereza, vilivyoachwa na walowezi pande za Iringa na Mufindi. Mafundi wa kule walijaza tundu la mpini utomvu wenye vumbi la mawe, wakaingiza mkia ungali laini. Adui wa visu hivyo ni beseni la maji ya moto la kuoshea vyombo: utomvu unalainika, bapa linachomoka mkononi.

Dawa ya kujaza ni ya aina hiyohiyo, na vitu vyake vyote viko kwetu. Chukua utomvu wa paini uliochemshwa ukakauka, sehemu nne. Nta ya nyuki, sehemu moja. Vumbi la tofali lililochekechwa kwa kitambaa, sehemu moja. Yeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya mchanga wa moto, nje ya nyumba, kamwe si juu ya mwali wa moto, kwani mvuke wa utomvu unawaka. Pasha mkia joto la kuuma mkono tu, mimina, zamisha, shikilia mpaka ipoe. Nta inazuia mchanganyiko usivunjike kama kioo, vumbi linazuia usisinyae sana. Naupenda kuliko gundi ya epoksi kwa sababu moja: baada ya miaka ishirini fundi mwingine akitaka kuutoa, ataupasha kidogo utoke. Epoksi ikishakamata, anayekuja nyuma yako itambidi avunje mpini.

Ribiti zikilegea kwenye mpini wa vipande viwili, usizipige nyundo kwa nguvu ili zikaze. Mti mkavu utapasuka papo hapo kwenye mstari wa ribiti. Igongegonge kichwa chake pembeni kwa nyundo ndogo, ukikiegemeza upande wa pili kwenye chuma, ukizunguka kidogo kidogo.

Mpini umepasuka

Angalia ufa unaanzia wapi na una rangi gani ndani.

Ufa unaoanzia kitakoni, safi, wenye rangi ya mti wenyewe, umetokana na kukauka haraka. Ncha za mti hupoteza maji upesi kuliko ubavu. Pake nta ya nyuki kitakoni, usubiri msimu mmoja wa mvua upite ndipo uamue kama unahitaji gundi. Nyufa za namna hii hujifunga zenyewe, na ukiwahi kuzijaza kiangazi, mti ukivimba masika hauna pa kurudi na utapasuka upande mwingine.

Ufa unaoanzia mdomoni, karibu na bapa, na ndani yake una weusi wa samawati, ni habari nyingine kabisa. Chuma cha mkia kinapata kutu, na kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila. Mkia unanenepa ndani ya tundu lilelile. Mpini unapasuliwa kutoka ndani, kama mwamba unavyopasuliwa na mzizi. Ule weusi unatokana na tanini ya mti, kile kinacholeta ukakasi kwenye chai, kukutana na chuma chenye unyevu. Ni kemia ileile iliyotengenezea wino wa kalamu za manyoya. Gundi ukiitia juu ya ufa huo umefunga jeraha lenye usaha. Lazima mkia utoke, usuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka kutu inayomeguka iishe.

Tanini iliyokuchafulia mti inaweza kukulindia chuma. Magome ya miwati, ambayo Njombe yamechumwa miaka mingi kwa ajili ya kutengenezea ngozi, yakichemshwa yanatoa maji mekundu mazito. Pake mkia maji hayo yakiwa vuguvugu. Kutu nyembamba iliyobaki itageuka nyeusi na kutulia. Huna miwati, tumia majani ya chai yaliyochemka sana. Kausha kabisa, siku mbili tatu, pake nta, ndipo urudishe mpinini.

Visu vya kugemea ulanzi, pombe ya mianzi, ndivyo vinavyoongoza kwa ugonjwa huu. Mgemaji anakata kichipukizi cha mwanzi asubuhi na jioni msimu mzima wa mvua, mkono wake umelowa utomvu mtamu, na utomvu ule unachacha mdomoni mwa mpini kama unavyochacha ndani ya mbeta, chombo cha kukingia ulanzi. Uchachu na maji pamoja vinakula chuma haraka. Mzee mmoja kutoka Ubena aliniletea kisu ambacho mkia wake ulikuwa umebaki kama mti wa kiberiti, na bado bapa lilikuwa zuri la kunyolea. Anayekitumia kisu kwa kazi hiyo akifute kwa kitambaa kikavu kila atokapo mianzini, akikilaza mdomo wa mpini ukiangalia chini ili maji yatoke.

Mfupa ukionyesha vijinyufa kama vya kikombe cha udongo, umekauka na labda umewahi kuoshwa kwa dawa ya kung'arishia nguo. Dawa hiyo inakula utandu laini unaoshikilia madini ya mfupa, ukabaki na chaki. Hakuna kurudisha kilicholiwa. Futa kwa pamba yenye unyevu kidogo sana, kausha palepale, pake nta nyembamba, na rangi ya manjano uiache. Manjano ya mfupa wa zamani ni nzuri. Sijui nani aliwaambia watu kwamba ni uchafu.

Pembe inabanduka au imejikunja

Pembe ni kitu kimoja na kucha zako. Inanywa maji, inalainika kwa joto, ikipoa inabaki na umbo ililolikuta. Nilipokuwa naanza kazi nilichemsha kisu chenye mpini wa pembe ili utomvu wa ndani ulainike nitoe mkia. Mkia ulitoka. Mpini ulifunguka kama ganda la mahindi na haukufunga tena, na mama aliyekileta aliuchukua mkononi, akauangalia muda mrefu, akaondoka bila kuniuliza bei. Tangu siku ile pembe na maji ya moto havikutani kibandani kwangu.

Matabaka yakibanduka kidogo ukingoni, hapa tu ndipo ninaporuhusu supaglu, ile nyepesi kama maji, tone moja kwa ncha ya sindano, kwa sababu gundi nyingine haziingii kwenye upenyo mwembamba hivyo. Bana kwa uzi, acha mpaka kesho, kisha laini kwa msasa namba 400 na nta. Pembe iliyojikunja sana ipeleke kwa fundi anayejua kuinyoosha kwa joto la polepole, au uiache ilivyo.

Vumbi au vitundu vimetokea

Kwenye mti, vitundu vya mviringo na unga laini kama wa sembe chini ya kisu ni kazi ya bungua. Wanapenda sehemu nyeupe ya nje ya mti, yenye wanga. Kiini cha mninga au mpingo hawakiwezi. Kwenye pembe na ngozi ni mabuu ya wadudu wengine, yanayotafuna mifereji juu ya uso.

Jambo ambalo limenifundisha heshima: visu vilivyotundikwa juu ya moshi wa jiko vinanifikia vyeusi lakini vizima. Vilivyohamishiwa kwenye kabati la kioo sebuleni ndivyo vinavyoliwa. Moshi ulikuwa dawa yao bila mtu kuuita dawa.

Usimwage dawa ya wadudu wala mafuta ya taa juu ya mpini. Yanaacha doa na harufu isiyotoka. Funga kisu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friji la kugandishia nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa siku nzima, ili umande ujae nje ya plastiki badala ya kwenye chuma. Halafu kilaze juu ya karatasi nyeupe mwezi mmoja. Unga mpya ukionekana, rudia.

Unanata, una ukijani

Kunata ni mafuta ya kupikia. Alizeti yetu ni nzuri kwa mboga, lakini mpinini inakauka nusu na kubaki kama gundi yenye vumbi. Futa kwa spiriti kidogo, kisha tumia mafuta ya kitani, tone kwa tone, ukifuta yote yasiyoingia. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke. Vikifinyangwa kwenye kona vinaweza kujiwasha vyenyewe. Mpingo hauhitaji mafuta kabisa, nta inatosha, na ukiusugua kwa msasa vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

Ukijani juu ya noleo au waya wa shaba ni shaba iliyokutana na mafuta ya ngozi. Kwangua kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kisu kingine, na usihifadhi kisu ndani ya ala yake ya ngozi. Viweke kando kwa kando.

Hakuna cha kuokoa

Wakati mwingine nusu ya mti imeliwa na huwezi. Basi chonga mwingine, kwa mti uleule kama unapatikana. Vibaki vya mninga kwa seremala vinatosha kabisa. Mpera mbichi pake nta ncha zote mbili, uuache kivulini mwaka mzima kabla ya kuuchonga. Urefu wa tundu, namna ya kushikiza, noleo lilelile, virudie vyote.

Ule wa zamani usiupime kwa rula tu. Uweke mbele yako mezani na uushike mara nyingi ukiwa umefumba macho. Mkono wa mtu aliyetumia kisu miaka thelathini unaacha mabonde, na mabonde hayo ndiyo ramani yako. Mwezi uliopita nilichonga mpini wa kisu kutoka Makete, na kidole gumba changu kilikataa kukaa kwenye bonde lake hata nilipogeuza kisu mara tatu. Nilikihamishia mkono wa kushoto, kikakaa. Mjukuu alipokuja kukichukua nilimuuliza kama babu yake alikuwa mtu wa shoto. Hakuwahi kumwona, akampigia simu shangazi yake, akiwa amesimama palepale mlangoni, na shangazi akasema ndiyo.